Namna ya kuandika makala ya kuchekesha kuhusu nukta, mkato na adabu (bila kugombana na mtu)

Kila mwaka, wiki chache kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wanafunzi wangu wa jioni hapa Kampala huniletea makala niwasahihishie. Mada wanayoipenda ni ileile: alama za uakifishaji na adabu ya kuandikiana. Wameona makala za namna hiyo zikirushwa kutoka simu hadi simu, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi, na wao wanataka kuchekesha vilevile. Wanakaa, wanaandika, na kinachotoka huwa hotuba ya mwalimu wa nidhamu. Kisipokuwa hotuba, ni matusi.

Mwaka huu rasimu zilikuwa 11. Tisa zilianza na maneno "Ni aibu kubwa kuona kwamba..." Nikazirudisha zote, halafu nikakaa kuandika hatua hizi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo, au mahali pa kuandikia kwenye simu.
- Sentensi 10 za watu halisi, ulizoziokota mwenyewe.
- Kosa moja lako, lililokugharimu kitu. Hili ndilo gumu kulipata, kwa hiyo anza kulitafuta leo.
- Wasomaji wawili wa majaribio: mmoja anayekimudu Kiswahili sanifu, mwingine mwenye Kiswahili cha sokoni.
- Jioni mbili, zenye usiku mmoja katikati.
- Kikomo cha maneno 600. Kichekesho kirefu huchosha kama harusi isiyo na chakula.

Kitabu cha sarufi kiache kabatini kwanza. Ukianza na sarufi, utaandika sarufi.

Hatua ya 1: Okota sentensi, waache watu

Tembea ukiwa na macho. Soma vibao vya milangoni, maandishi ya nyuma ya teksi, makaratasi ya vyumba vya kupanga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, ukuta unaokataza haja ndogo. Ukirudi nyumbani, soma kikundi cha WhatsApp cha maandalizi ya harusi, pale wanapohimizana kutoa ahadi zao. Humo kuna hazina.

Nakili sentensi jinsi ilivyo, pamoja na makosa yake. Usiipambe. Sentensi ya kutunga hujulikana haraka, kwa sababu kosa lake huwa limekaa mahali pazuri mno.

Angalia: ukipiga picha, kata namba ya simu na jina la mtu. Kuna mwanafunzi aliyebandika darasani picha ya kibao cha duka, na mwenye duka akawa shemeji ya jirani yake. Kicheko kiliisha siku hiyohiyo, ila salamu zimechukua miezi kurudi.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi 10, na mbili kati yake zinakuchekesha bila kueleza chochote.

Hatua ya 2: Ipime kila sentensi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Andika sentensi bila alama hata moja. Kisha iandike mara mbili, kila mara kwa alama tofauti. Maana ikigeuka, itunze. Isipogeuka, itupe, hata kama ina makosa saba. Makosa matupu hayachekeshi mtu. Kinachochekesha ni maana mbili zinazogombania kiti kimoja.

Onyo kubwa: usitafsiri vichekesho vya Kiingereza. Kila mwaka hakosi mtu wa kuniletea kile cha bibi anayealikwa chakula, ambacho mkato ukiondoka bibi anageuka kitoweo. Kwa Kiingereza kinafanya kazi. Kwa Kiswahili bibi alishaokolewa zamani na sarufi yetu: ili aliwe, lazima tuseme "tumle bibi". Ukiandika "Tule bibi" umesahau mkato tu, wala yeye hana wasiwasi. Anavuta kiti karibu na meza.

Kiswahili kina mitego yake. Chukua hii:

Mama Asha amejifungua salama

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Kwa hiyo sentensi hiyo, jinsi ilivyo, ni habari njema: Mama Asha amepata mtoto mwingine, tupeleke supu. Sasa weka mkato mmoja: "Mama, Asha amejifungua salama." Asha yuko sekondari, kidato cha tatu, na mama anasoma ujumbe huu akiwa kwenye foleni ya benki. Alama ndogo kuliko punje ya mtama imemhamisha mtoto mchanga kutoka tumbo moja kwenda lingine. Huhitaji kuongeza neno. Weka sentensi mbili, moja chini ya nyingine, na umwache msomaji amwone mama yule kwenye foleni.

Nyingine niliiona kwenye karatasi ya kupangisha muzigo, chumba kimoja cha kwetu, na naipenda kuliko zote:

umeme upo maji hakuna shida

Mwenye nyumba alimaanisha: "Umeme upo, maji, hakuna shida." Mpangaji aliyewahi kuishi Kampala anasoma: "Umeme upo. Maji? Hakuna. Shida!" Maneno ni yaleyale matano, mpangilio uleule. Ubaya ni kwamba msomaji wa pili mara nyingi ndiye anayekuwa sahihi.

Au ile ya langoni, ya askari mwenye Kiswahili chetu cha kambini, kisichojua "usi-" wala "msi-", chenye "hapana" tu:

SUBIRI HAPANA INGIA

"Subiri, hapana ingia," na unabaki juani. "Subiri? Hapana! Ingia," na unapewa kiti. Mgeni wa Dar es Salaam angesema sentensi yenyewe ni mbovu. Kweli, hata hivyo usiguse Kiswahili cha askari. Kila anayepita pale anamwelewa. Kilichokosekana ni alama.

Ya vikao, kwa wale wenye vyama vya kuweka na kukopa:

mwenyekiti alisema mweka hazina ni mwizi

Iache hivyo, na mweka hazina ana kesi. Igawe kwa alama za mtajo, "Mwenyekiti," alisema mweka hazina, "ni mwizi," na kesi imehama meza. Mwandishi wa kumbukumbu za kikao anayedharau alama za mtajo anaweza kuvunja chama kabla ya chai.

Mwisho, alama ya kuuliza. Hii wengi huichukulia kama pambo, na kwa Kiswahili hiyo ni hatari kuliko kwa lugha nyingi. Sisi hatupindui maneno tunapouliza. "Pesa zimefika" ni taarifa, "Pesa zimefika?" ni swali, na neno halijasogea hata moja. Mdomoni sauti hupanda ukajua. Kwenye simu hakuna sauti, kimebaki kile kindoano tu. Mfikirie muuza mitumba wa soko la Owino anayepokea kutoka kwa mteja wa Busia ujumbe usio na alama: "pesa zimefika". Ni mteja anauliza kama malipo ya simu yameingia, au anamthibitishia kwamba yameingia afungue robota? Ukiweza kuliandika tukio hilo kwa mistari sita, na muuzaji amesimama na mkasi mkononi, una makala.

Utajua umefaulu ukibaki na sentensi mbili au tatu. Wanafunzi hulia hapa: "Mwalimu, nilikusanya 10!" Ndiyo. Saba zilikuwa ngazi.

Hatua ya 3: Tafuta nani alikosewa heshima

Makala ya alama peke yake ni zoezi la darasani. Inakuwa tamu inapogusa watu wanavyotendeana. Kwa kila sentensi iliyobaki jiulize: kuna mtu aliachwa mlangoni hapa? Kuna aliyefokewa bila kujua kosa lake?

Jaribu neno moja, "haya". Mkwe wako amekuandikia kwamba atakuja Jumamosi na wageni 12.

Haya! Unafurahi, unaenda kununua kuku.
Haya. Umekubali, ila kuku atakuwa mmoja.
Haya... Unatafuta safari ya ghafla kwenda Mbarara.
Haya? Umeuliza kama anajua maana yake, yaani aibu.

Nukta baada ya neno moja ina baridi yake, na kila mwenye simu anaijua hata kama hajawahi kuisema. "Sawa" ni sawa. "Sawa." ni mlango uliofungwa taratibu.

Kwa Uganda kuna jambo jingine la kuzingatia. Watu wengi wa rika la wazazi wangu walikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya amri: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Kwa hiyo "Njoo ofisini." ikifika kwenye simu ya mama wa makamo, inafika imevaa buti. Andika "Naomba uje ofisini, mama," na buti zimevuliwa mlangoni. Jirani yangu Mganda, aliyelelewa kupiga magoti akimsalimu mkubwa, aliniuliza goti linapigwaje kwenye simu. Nikamwonyesha mkato ule kabla ya "mama". Akautazama. "Kweli," akasema, "umejikunja."

Sentensi hiyo sasa nimekupa, usiitumie. Tafuta yako.

Hatua ya 4: Anza na kosa lako

Sababu ni hii: anayecheka wengine kwanza huonekana hakimu, na hakuna anayemsambazia ndugu zake hukumu. Anayejicheka mwenyewe kwanza hupewa ruhusa ya kuwagusa wengine kidogo.

Langu ni hili. Ndugu zangu walikuwa safarini kwenda Arua kwenye mazishi. Jioni nikaandika kwenye kikundi cha familia: "Mmefika salama". Bila kindoano, kwa haraka, maana chai ilikuwa inachemka na kumwagika. Nilikuwa nauliza. Shangazi aliyekuwa Gulu akasoma kwamba wamefika. Akajibu "Mungu ashukuriwe!!!" Binamu akaweka mikono ya kuomba. Kufikia saa tatu usiku ukoo mzima ulikuwa umeshukuru na kulala, pamoja na mimi niliyeamini shukrani za shangazi.

Gari lilikuwa limeharibika karibu na Karuma. Walilala ndani yake. Asubuhi nyani wa Karuma, ambao kila msafiri wa barabara ile anawajua, waliwapokonya mkate kupitia dirishani. Hakuna aliyewapigia simu usiku kucha, kwa sababu mimi nilishatangaza kwamba wamefika.

Angalia nilivyofanya: hakuna mahali nimesema "hivyo basi tunajifunza umuhimu wa alama ya kuuliza". Nyani wamelisema.

Angalizo: chagua kosa lenye hasara halisi lakini ndogo. Mkate unatosha. Kosa lililomfikisha mtu hospitalini usilichekee.

Hatua ya 5: Andika kicheko kabla ya kanuni

Mpangilio unaofanya kazi: tukio, sentensi yenye mtego, maana mbili, kisha kanuni kwa mstari mmoja. Tena mstari huo uwe mfupi hivi kwamba msomaji asijue amefundishwa.

Huu ni mwanzo wa rasimu niliyoirudisha, kwa ruhusa ya mwenyewe:

"Mkato ni alama ya uakifishaji inayotumika kutenganisha vipashio katika sentensi. Watu wengi siku hizi hawautumii ipasavyo, hasa vijana, jambo ambalo linasikitisha sana!!!"

Na huu ndio alioleta baada ya siku tatu:

"Dada yangu aliniandikia: 'nimekupikia kuku mwizi amekula'. Nilikaa dakika nzima nikimhurumia kuku, kwamba kumbe alikuwa mwizi na bado amepikwa. Kisha nikaelewa kwamba nitalala njaa. Mkato mmoja baada ya kuku, na ningejua mapema ninunue chapati."

Mwandishi ni yuleyule. Tofauti ni kwamba mara ya pili ana njaa.

Kichekesho kisipoeleweka, usikieleze. Kitoe. Maelezo ya kichekesho ni kama kumwambia mgeni bei ya nyama uliyompikia.

Hatua ya 6: Toa dharau

Lala. Jioni ya pili, soma ukiwa na kalamu na ufute kila neno linalomcheka mtu kwa asichojua. "Watu wasiosoma", "hawa wa kijijini", "Kiswahili cha Waganda". Vyote vitoke.

Sisemi hivi kwa sababu ya upole wangu. Wanaonijua wanajua sina. Sote tumeusikia utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya na kuzikwa Uganda. Wengine humalizia mazishi Kongo, kutegemea nani anasimulia na yuko wapi. Tunacheka, lakini nimeona matokeo yake darasani: mtu mzima mwenye shahada anaogopa kufungua mdomo asije akazika kitu. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipokubali kwamba somo la Kiswahili liwe la lazima shule za msingi na sekondari, wazazi wengi wanajifunza kimyakimya kutoka kwenye madaftari ya watoto wao. Mzazi huyo ukimcheka, harudi.

Kipimo ni hiki: aliyeandika sentensi akiisoma makala yako, atacheka au atajificha? Kama atajificha, badilisha mpaka acheke.

Hatua ya 7: Kagua alama zako mwenyewe

Makala kuhusu alama husomwa na wawindaji. Watakutafuta. Pitia haya:

- Hakuna nafasi kabla ya mkato au nukta. Kuna nafasi moja baada yake.
- Nukta za mdokezo ni tatu. Zikiwa tisa, ni mbuzi amepita.
- Alama ya mshangao moja kwa makala nzima inatosha, mbili kama kuna harusi.
- HERUFI KUBWA MWANZO MPAKA MWISHO NI KELELE, hata kama ni mwaliko.
- Ritifaa ya ng'ombe, ng'oa na ng'ang'ania ikaguliwe moja moja, maana simu hupenda kuila. Anayeandika Luganda ana herufi ŋ kwa sauti hiyo, ingawa kwenye simu haipatikani kirahisi; sisi wa Kiswahili tuna kale kaalama tu, na "ngombe" bila hako ni mnyama asiyejulikana.
- Pesa: 50,000/= ina mkato mmoja, mahali pamoja. Na ukutani, "KUKOJOA HAPA 50,000/=" bila neno faini wala nukta ni bei. Nimemwona mtu akisimama, akaisoma, akasema ni ghali.

Hatua ya 8: Wape wasomaji wawili

Soma kwa sauti kwanza wewe. Mahali unapokata pumzi pasipo na alama, weka. Pale alama inapokukata wakati hukuhitaji kupumua, toa.

Kisha mpe yule wa Kiswahili sanifu. Kazi yake ni makosa tu. Akikuambia hakikuchekesha, usimsikilize sana, watu hao hucheka wakifika nyumbani. Yule wa Kiswahili cha sokoni ndiye kipimo cha kicheko. Usikae mbele yake ukimkodolea macho. Mwachie simu, nenda kachote maji.

Utajua umefaulu kwa ishara moja ambayo nimeiona mara nne tu katika miaka yangu ya kufundisha: msomaji anacheka, ananyamaza, halafu anafungua ujumbe aliomtumia mtu asubuhi ile, auangalie tena. Akiuliza "naweza kumtumia mama?" ndiyo zaidi.

Na makala ikishatoka, mtu atakuandikia kwamba aya ya tatu imekosa mkato. Atakuwa amepata. Mjibu "Asante!" yenye alama moja ya mshangao. Ukimjibu "Asante." atajua umekasirika.